Mdogo wangu alijiua kwa wakwe zake India, nani anashtakiwa na kwa kosa gani?

"Wakili, sisi ni familia ya Kihindi ila tumezaliwa Mombasa, babu alikuja zamani. Mdogo wangu aliolewa Rajkot, Gujarat, Desemba 2021. Mwanzo mambo yalikuwa sawa. Kuanzia 2023 mama mkwe akaanza kumsema ati amekuja mikono mitupu, wenzake walikuja na gari. Mwisho wa 2024 mume akataka baba atume rupia laki 5 apanue duka lake, tukaweza kutuma laki 1 tu. Wakamnyang'anya simu, akawa anaongea na mama kwa simu ya jirani. Wiki mbili kabla hajafa alituma sauti kwa WhatsApp, 'mama leo tena wameniuliza pesa, nimechoka.' Mama akamwambia vumilia mwanangu. Februari 2025 tukapigiwa simu ati amejiua. Ami yangu akaenda kwa ndege, hospitalini akapewa karatasi ya Kigujarati akasaini, kumbe imeandikwa familia haimshuku mtu yeyote. Polisi wakasema amejiua mwenyewe, hakuna kesi. Tunataka washtakiwe wote, mume, mama mkwe, baba mkwe na wifi wawili, mmoja anakaa pale nyumbani na mwingine ameolewa Vadodara. Watu wanatuambia hakukuwa na mahari kwa hivyo sheria yao haituhusu. Ni kweli? Na dhahabu yake yote iko kwao."

Pole sana dada. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, mara ya kwanza kama wakili na mara ya pili kama mtu mwenye wadogo zake. Nikueleze kwanza nimesimama wapi ili ujue uzito wa maneno yangu: sheria niliisomea Pune, India, kama Wakenya na Watanzania wengi wa rika langu, lakini kazi naifanyia Mombasa na leseni ya kusimama mahakama za India sina. Ninachoweza kukupa ni ramani. Wa kuitembea pamoja nanyi atakuwa wakili wa jinai wa huko huko Rajkot, na nitafika huko.

Tuanze na hilo la polisi. "Amejiua mwenyewe, hakuna kesi" si kweli, na India hasa ndiyo nchi ambayo sivyo kabisa, manake sheria yao iliandikwa kwa ajili ya vifo vya namna hii. Miaka ya sabini na themanini mabibi harusi walikuwa wanakufa jikoni na polisi wanaandika jiko la mafuta ya taa limelipuka, faili linafungwa. Wanawake wakaingia barabarani Delhi na miji mingine, bunge likasikia. Mwaka 1983 likawekwa kosa la ukatili wa mume au ndugu wa mume, kile kifungu maarufu cha 498A, na 1986 likaongezwa kosa la kifo cha dahej (dahej ni mali ambayo mwanamke anaingia nayo kwa mume), kifungu 304B. Tarehe 1 Julai 2024 kitabu kizima kilibadilishwa, ikaja sheria mpya ya jinai inayoitwa Bharatiya Nyaya Sanhita, na namba zikahama: kifo cha dahej sasa ni kifungu 80, ukatili ni 85 na 86, kumchochea mtu ajiue ni 108. Mdogo wako amefariki Februari 2025 kwa hivyo kifo chake kiko chini ya sheria mpya, ila mateso ya 2023 yatasomwa kwa ile ya zamani. Maneno yenyewe ni karibu yale yale, nakutajia namba ili mtu asikuchanganye akikwambia 304B imefutwa. Haijafutwa, imehamia namba nyingine.

Sasa hili la mahari, hapa ndipo familia nyingi za huku kwetu zinapotea, na sababu ni neno tu. Sisi kwa Kiswahili mahari inatoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Dahej ni kinyume chake, kwao mwanamke anaingia na mali kwa mume. Na sheria yao ya 1961 ya kukataza dahej haiangalii kile kilichokubaliwa siku ya posa peke yake, inasema mali yoyote iliyotolewa au iliyokubaliwa kutolewa kabla ya ndoa, siku ya ndoa, au wakati wowote baada ya ndoa, alimradi inahusiana na hiyo ndoa. (Mahari ya Kiislamu imetolewa nje ya sheria hiyo, hilo nawaambia wasomaji wetu Waislamu, lakini Mwislamu akidai dahej kwa jina lingine sheria inamshika kama mwingine yeyote.) Kwa hivyo anayewaambia "hakukuwa na mahari" anajibu swali ambalo sheria haijauliza. Swali ni je, walidai kitu kwa sababu tu ni wakwe?

Na zile laki 5 za duka? Kuna wakati wanasheria wa utetezi walikuwa wanasema pesa ya biashara au ya matumizi ya nyumbani si dahej, na kuna hukumu ya 2007 waliyoishikilia sana. Lakini Januari 2022 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi kutoka Madhya Pradesh, binti alifariki ndani ya miaka 7 ya ndoa, mume na baba mkwe walikuwa wanataka pesa ya kujengea nyumba. Mahakama Kuu ya jimbo ilisema hiyo si dahej, tena ni yule binti mwenyewe aliyewaomba wazazi wake. Mahakama ya Juu ikakataa, ikasema pesa ya nyumba ni dahej, na kuwa yeye ndiye aliyepeleka ombi haimaanishi alitaka, alipelekwa na mateso. Mume na baba mkwe wote wawili walirudishiwa hatia, miaka 7. Pesa ya kujengea nyumba na pesa ya kupanua duka, mimi sioni umbali mkubwa kati yake.

Kosa hilo la kifo cha dahej linakwenda hivi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwanza kwamba alifariki ndani ya miaka 7 ya ndoa, mdogo wako alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Kwamba kifo hakikuwa cha kawaida, na hapa wengi hawajui, kujiua kunaingia humo, si lazima awe ameuawa na mtu. Kwamba mume au ndugu wa mume walimtesa au kumsumbua. Kwamba mateso hayo yalikuwa kwa ajili ya dahej, na yalitokea muda mfupi kabla ya kifo. Hayo yote yakisimama, sheria ya ushahidi inaiambia mahakama ni LAZIMA ichukulie kwamba hao watu ndio waliosababisha kifo, mzigo unageuka, sasa wao ndio wa kujieleza. Ni kitu adimu sana kwenye jinai, kwa kawaida mshtakiwa hadaiwi maelezo yoyote. Adhabu ni kuanzia miaka 7 mpaka maisha.

Lile neno "muda mfupi kabla" ndilo linaloua kesi nyingi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba si lazima iwe papo hapo kabla ya kifo, hawakuweka siku wala wiki, ila lazima pawe na uhusiano ulio hai kati ya mateso na kifo. Mimi huwa nafikiria kamba ya ndoo kisimani. Mateso ya 2023 peke yake ni kamba iliyokatika katikati, wakili wa utetezi atauliza mbona aliishi mwaka mzima vizuri baadaye. Lakini maneno ya mama mkwe 2023, laki 5 mwisho wa 2024, kunyang'anywa simu, halafu ile sauti ya wiki mbili kabla, "LEO TENA wameniuliza pesa", hiyo kamba inafika juu. Lile neno "tena" na lile neno "leo", dada, ni maneno mawili ya thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Halafu kuna kosa la kuchochea kujiua, kifungu 108, mpaka miaka 10, na kila familia inalitaka kwa sababu jina lake ndilo linafanana na uchungu walio nao. Hapa sitaki kukudanganya, ni kosa gumu kuthibitisha. Mahakama inataka kuona mtu alimsukuma au kumsaidia kwa makusudi afikie kile kitendo, kuwa mbaya kwake hakutoshi hata kama ubaya wenyewe ni mkubwa. Kesi ya 1995 binti aliacha maneno yake kabla hajafa, kwamba mama mkwe, mume na mke wa shemeji yake wanampiga na kumtukana na mume anataka kuoa mwingine, na kwamba kwa ajili hiyo anataka kufa. Mahakama ya Juu ikasema maneno hayo peke yake hayatoshi kuwa uchochezi. Ya 2001, mume kwa hasira alimwambia mkewe uko huru fanya unachotaka nenda unakotaka, akafa, mahakama ikasema maneno ya hasira si uchochezi kama hakukusudia yafuatwe, akaachiwa kwa kosa hilo. Na Desemba 2024 kesi kutoka huko huko Gujarat, mke alikuwa ndani ya ndoa kwa miaka 12, mume na wazazi wake wakaondolewa shtaka la uchochezi kabla hata kesi haijasikilizwa.

Lakini tazama kilichobaki. Ile ya 2001 hatia ya ukatili ilibaki pale pale. Ile ya Gujarat shtaka la ukatili likaambiwa liendelee. Hiki kifungu cha ukatili watu wanakidharau kwa sababu adhabu yake ni miaka 3 tu, lakini kisome: ukatili ni mwenendo wa makusudi wa aina ambayo yaelekea utamfanya mwanamke ajiue au uharibu vibaya afya yake ya mwili AU YA AKILI, na pia ni kumsumbua ili yeye au ndugu zake watoe mali isiyo halali. Kujiua kumeandikwa ndani ya maana yenyewe ya ukatili. Hapa huhitaji kuthibitisha kwamba walitaka afe. Na ukatili ukithibitika na amejiua ndani ya miaka 7, sheria inaiambia mahakama INAWEZA kuchukulia kwamba walimchochea. Ona tofauti na ile ya dahej, kule ni lazima, huku ni inaweza. Hilo neno moja limewaachia watu wengi.

Kwa hivyo wote watano? Nimefanya kazi na familia zilizofiwa na najua kwa nini mnataka wote. Wote walikaa meza moja, wote walimwona anakonda, hakuna aliyesema basi. Lakini mahakama haihukumu familia, inahukumu mtu mmoja mmoja, na kila mmoja anasimama na alichofanya yeye, kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Februari 2022 Mahakama ya Juu ilifuta kesi dhidi ya wakwe huko Bihar kwa sababu malalamiko yalisema tu "wote walimtesa", hakuna aliyetajiwa kitendo chake. Wakati wa masomo nilikuwa naenda kukaa mahakama ya wilaya pale Shivajinagar, Pune, kusikiliza. Siku moja mama mmoja, sari ya bluu iliyopauka, alikuwa kizimbani kama shahidi wa kifo cha bintiye. Wakili wa utetezi hakumpigia kelele, alimuuliza kwa upole tu, mama, huyu dada wa mume alimtukana lini? Akajibu kila siku. Sawa mama, taja siku moja. Kila siku, mwanangu. Akauliza mara tatu, mama anasema kila siku, machozi yanamtoka, na naamini alikuwa anasema kweli tupu, lakini karani hana cha kuandika. Kila siku haina tarehe. Nilitoka pale nikijua kwamba ukweli unaweza kushindwa kwa kukosa Jumanne moja.

Kwa hayo uliyoniandikia, mume anasimama mbele, yeye ndiye aliyedai pesa na nahisi pesa iliingia kwenye akaunti yake. Mama mkwe naye yupo, ila mtafute maneno yake ya 2024, yasiwe ya 2023 peke yake. Wifi anayekaa pale na baba mkwe, hujaniambia hata kitendo kimoja chao. Kama kipo kiandikeni, kama hakipo msikitunge. Wifi wa Vadodara, kama hakuwa anakuja wala kupiga simu kudai chochote, ningemwacha. Najua inauma kusikia. Lakini mkimweka bila kitendo, wakili wao ataanza na huyo, atamwonyesha hakimu kwamba hawa watu wamekusanya kila mwenye jina la ukoo, na ile shaka itamfuata mpaka mama mkwe ambaye kweli anastahili kujibu. Mahakama za India siku hizi zina wasiwasi mkubwa na kesi za namna hiyo, na hata 2014 Mahakama ya Juu iliagiza polisi wasikamate mtu ovyo kwa kifungu cha ukatili bila kuandika sababu, kwa hivyo usishangae wala usivunjike moyo ukiona hawakukamatwa siku ya kwanza.

Ile karatasi ya ami yako. Mwambie asijitese. Mtu ametoka uwanja wa ndege, mtoto wao amelala chumba cha maiti, anapewa karatasi asiyoisoma anaambiwa saini tukupe mwili, nani asingesaini? Maelezo yanayochukuliwa wakati wa uchunguzi wa kifo kazi yake ni kujua mtu alikufaje, hayafungi mlango wa mashtaka na si hukumu. Yatawasumbua, ndiyo, utetezi utayatoa na kusema mbona siku ile hamkulalamika. Jibu lake liandikwe mapema na kwa ukweli: lugha hajui kuisoma, hakuna aliyemtafsiria, alikuwa peke yake, na ile sauti ya WhatsApp wakati ule hakuwa ameisikia kama ndivyo ilivyokuwa. Na muulizeni ami nani alikuwa amesimama hapo akimwelekeza mahali pa kusaini. Tena, mke akifa kwa kujiua ndani ya miaka 7 ya ndoa sheria inataka mwili upelekwe kwa daktari wa serikali na hakimu wa utawala afanye uchunguzi wake. Ombeni ripoti ya uchunguzi wa maiti na ripoti ya huyo hakimu. Kama haikufanyika, hiyo nayo ni hoja yenu.

Nafungua mabano kwa wasomaji wa huku Kenya, manake nimeshaulizwa. Sisi hatuna kosa la kifo cha dahej wala hiyo miaka 7. Kumshawishi au kumsaidia mtu ajiue ni kosa, kifungu 225 cha sheria yetu ya jinai, mpaka kifungo cha maisha, na ugumu wake ni ule ule. Lakini sheria yetu ya 2015 ya kuzuia ukatili majumbani imetaja kwa jina kabisa "kuingiliwa na wakwe" kuwa aina moja ya ukatili, na mwanamke anaweza kwenda mahakamani akapata amri ya ulinzi akiwa hai bado. Anayesoma haya akiwa ndani ya ndoa kama ile ya Rajkot, tafadhali aijue. Na kwa kesi yako dada, polisi wa Kenya hawataweza kushtaki watu wa Rajkot kwa mambo yaliyotendeka Rajkot, msipoteze miezi kwenye vituo vya hapa.

Tuje kwenye ushahidi, hapa nitakaa kidogo. Pune yenyewe kuna kesi maarufu, binti alifariki 1982 miezi michache baada ya ndoa, na alikuwa ameandika barua kwa dada yake na kwa rafiki yake akieleza hali yake. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikasema barua hizo zinakubalika, manake India maneno ya marehemu kuhusu mazingira yaliyompeleka kwenye kifo yanaingia mahakamani hata kama siku ile anaandika hakuwa anajua atakufa. Barua hizo ni sawa na ile sauti ya mdogo wako. (Mume katika kesi ile aliachiwa mwishowe, sitaki nikufiche, barua ziliingia lakini hazikutosha kuthibitisha mauaji. Ninyi hamthibitishi mauaji.)

Simu ya mama isibadilishwe, isifutwe kitu, isipelekwe kwa fundi, isiuzwe. Ile sauti kuisambaza kwa ndugu mnaweza, ila ya mahakamani ni ile iliyo kwenye simu iliyoipokea, na lazima iambatane na cheti cha kuthibitisha kifaa na faili, sheria mpya ya ushahidi inataka sehemu yake moja ijazwe na mtaalamu. Wakili atawaelekeza, kazi yenu ni kuilinda simu. Risiti ya ile laki 1: tarehe, benki, jina la aliyepokea, hiyo ni karatasi isiyolia wala kusahau na utetezi hauwezi kuiuliza maswali. Na yule jirani. Aliyekuwa anamwazima simu huenda ndiye shahidi mkubwa kuliko nyote, alimwona uso, na alijua kwa nini anaazima. Lakini anaishi ukuta mmoja na hao watu, kwa hivyo msimpigie simu kwa fujo wala msimtumie maneno ya kumwambia aseme nini. Wakili aende, au polisi.

Halafu nunueni daftari la shule, mkae na mama, baba, ami, kila mtu aandike anachokumbuka YEYE, si alichosikia kwa mwenzake. Mama akisema "kila siku", muulize taratibu, ilikuwa kabla ya Diwali au baada? Ulikuwa unapika nini alipopiga? Kumbukumbu inashika kwenye vitu vidogo. Mpate hata siku nne tu zenye tarehe, jina la aliyesema na neno alilosema. Msirembeshe. Neno moja la uongo likikamatwa, hakimu atayatilia shaka na ya kweli yote.

Kuanza kesi: sheria mpya ya mwenendo inaruhusu kupeleka taarifa ya kosa kwa njia ya elektroniki, ila aliyepeleka lazima asaini ndani ya siku 3 ndipo iandikishwe, na mlalamikaji anapewa nakala bure. Kituo kikikataa, inapelekwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya kwa maandishi, na huyo akikaa kimya, kwa hakimu. Dada wa marehemu anaruhusiwa kulalamika, sheria imetaja baba, mama, kaka na dada. Kwa vile mko Mombasa, mtahitaji hati ya uwakilishi ili wakili afuatilie mambo ya karatasi, ulizieni ofisi ya ubalozi wa India hapo hapo Mombasa jinsi ya kuithibitisha, lakini siku ya ushahidi mtaitwa wenyewe. Pesa ya wakili ikiwa shida, kila wilaya India ina mamlaka ya msaada wa kisheria, na mwanamke anaingia humo bila kupimwa kipato, kwa hivyo mama au wewe ndio muombe. Msichelewe. Kosa la ukatili likibaki peke yake lina ukomo wa miaka 3, na kila mwezi unaopita majirani wanahama na simu zinaharibika. Na mjipange kwa miaka, si miezi. India ilirekodi vifo vya dahej zaidi ya 6,000 mwaka 2022 peke yake, foleni ni ndefu. Wakija watu wa kusuluhisha na bahasha, kifo cha dahej si kosa la kumalizwa kwa kuelewana, kesi ni ya serikali, msisaini kitu kingine chochote bila wakili kukisoma.

Dhahabu: alichopewa ni chake, kwao wanakiita stridhan. Sheria ya 1961 inasema mwanamke akifariki ndani ya miaka 7 ya ndoa kwa kifo kisicho cha kawaida na hana mtoto, mali ya dahej inarudi kwa wazazi wake. Hujataja mtoto. Kama yupo niandikie haraka, manake itakuwa ya mtoto, na hapo kuna mambo ya malezi ambayo ni mazito kuliko dhahabu. Tafuteni picha za harusi ambazo bangili na mikufu inaonekana vizuri, na risiti za sonara kama baba aliziweka.

Nimeacha mama yako mwisho kwa makusudi. Najua anajirudia lile neno "vumilia" usiku kucha. Mwambie nimesema hivi: mahakamani wataulizwa waliomnyang'anya simu, yeye ndiye aliyekuwa anapigiwa hata kwa simu ya kuazima. Alimwambia alichoambiwa na mama yake. Asiachwe peke yake siku hizi, aonane na daktari au mshauri, na ukimsikia anasema hana haja ya kuishi mpelekeni hospitali siku ile ile msingoje kesho. Wewe pia, kama usingizi haupo na unaisikiliza ile sauti kila usiku, acha. Nakili mara moja mbele ya wakili, simu izimwe iwekwe kwenye bahasha, andika tarehe juu yake, mpe baba aifungie kabatini.